Nilikwenda Kulea Mjukuu, Nikamkuta Mama Mtoto Ndiye Mgonjwa



Mwishoni mwa Oktoba 2023, jioni ya kuamkia safari yangu, akina mama wa ushirika wetu hapa Usevya walikuja kuniaga. Tuliimba, tukaomba, tukanywa chai. Walipoanza kutoka mmoja mmoja, kila aliyenishika mkono alininong'oneza jambo. Mmoja aliomba nimwambie binti yetu amkumbuke kwa simu ya kuperuzi. Mwingine aliomba koti, na mwingine ada ya mtoto wa kidato cha tano. Sikumshangaa hata mmoja, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kuomba zamani. Bati 40 zilizo juu ya nyumba yangu zilitoka kwa binti huyo.

Binti ninayemsema ni mtoto wa marehemu dada yangu. Dada alipofariki, nilimlea tangu akiwa darasa la sita, ndiyo maana ananiita mama mdogo, na mara nyingine mama tu. Alisoma uhasibu, akapata kazi katika kampuni ya utalii Arusha, na huko akakutana na kijana wa Kidenmark. Walifunga ndoa, wakahamia kwao mume. Kampuni haikutaka kumpoteza, ikamruhusu aendelee kutunza vitabu vya hesabu akiwa huko huko, kwa kompyuta na intaneti. Kwetu sisi hadithi ilikuwa tamu: mtu anakaa Ulaya, analipwa, na wala hatoki nyumbani kwenda kazini.

Mwanzoni mwa Agosti alijifungua mtoto wa kike. Sheria yetu ya kazi ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, naye alizipata zote. Lakini kule Denmark halmashauri humhakikishia mtoto nafasi ya kulelewa mchana akitimiza wiki 26. Kati ya siku 84 na wiki 26 kuna pengo la karibu miezi mitatu. Mume wake ni fundi wa mitambo ya upepo inayozalisha umeme baharini, akienda anakaa wiki mbili ndipo arudi. Basi wakaniomba nikazibe lile pengo. Nilichukua likizo ya mwaka, nikaongeza likizo bila malipo, nikaondoka.

Mji uliojengwa na ndugu zetu

Kutoka Usevya nilipita Hifadhi ya Katavi, nikawaaga viboko wa Mto Katuma pale Sitalike, nikafika Mpanda. Chupa ya asali ya Inyonga niliyokuwa nimefunga vizuri niliiacha Mpanda kwa jamaa, maana niliogopa ukaguzi wa uwanja wa ndege. Kutoka Mpanda ni basi hadi Dar es Salaam, halafu ndege hadi Copenhagen, kisha treni ya saa mbili na zaidi hadi mji wa Kolding. Mkwe wangu alinipokea kituoni na koti zito mkononi. Akanivika kabla hata hajanisalimu vizuri, nikampenda papo hapo.

Wanakaa Christiansfeld, kilometa kama 15 kusini mwa Kolding. Ni mji mdogo wa watu wapatao 3,000, na ni mji wa Wamoravian. Ulianzishwa mwaka 1773 kwa mwaliko wa Mfalme Christian wa Saba, ndiyo maana ukaitwa kwa jina lake. Mitaa yake imenyooka, nyumba ni za matofali ya manjano na mapaa ya vigae vyekundu. Kuna nyumba kubwa walimoishi akina dada wasioolewa, nyingine ya ndugu wa kiume, na nyingine ya wajane. Mwaka 2015 UNESCO iliuingiza mji huo katika urithi wa dunia. Chama cha misheni cha Wamoravian wa Denmark kina ofisi yake hapo, nasi watu wa magharibi ya Tanzania tunawafahamu Wadenmark tangu enzi za wazee wetu, kwa kazi yao ya kuuguza wenye ukoma kule Sikonge.

Jumapili ya kwanza niliingia kanisani, ukumbi mkubwa mweupe, benchi nyeupe, hakuna mimbari ya juu wala madhabahu, ila meza tu. Lugha sikuielewa hata kidogo. Lakini niliona muhuri wetu wa Mwanakondoo mwenye bendera, na machozi yakanitoka. Asubuhi ile nilikuwa nimesoma neno la siku katika kitabu chetu ambacho Wamoravian wamekuwa wakikichapa kila mwaka tangu 1731. Mama mmoja mzee aliyekaa karibu nami alifungua cha kwake cha Kidenmark, akaniwekea kidole penye tarehe. Lilikuwa neno lile lile. Hatukuwa na lugha ya kusemezana, tukashikana mikono.

Maisha ya kila siku

Msomaji atataka kujua watu wanaishije huko. Nitaeleza niliyoyaona.

Maji ya bomba hunywewa bila kuchemshwa. Viatu huvuliwa mlangoni, kama kwetu. Taka hutenganishwa, karatasi peke yake, chupa peke yake, mabaki ya chakula peke yake. Chupa tupu za soda hazitupwi. Hurudishwa dukani, mashine inazimeza na kukupa risiti ya krone moja, moja na nusu au tatu kwa kila moja. Kando ya barabara za mashambani wakulima huweka viazi, mayai au maboga juu ya meza, na kikopo cha fedha pembeni, bila mwuzaji. Unachukua, unalipa, unakwenda zako. Maduka ya mitumba wanayo pia, tena ya kanisa na ya Msalaba Mwekundu. Wanaouza humo ni watu wa kujitolea, wengi wao wazee waliostaafu. Huko nilijisikia niko mnadani Majimoto.

Lakini hakuna hodi. Hili lilinishinda kuliko baridi. Mtu haendi kwa jirani bila kupatana naye siku na saa. Siku ya nne nilipeleka sahani ya maandazi nyumba ya pili. Mama wa pale alifungua mlango kwa hofu, akidhani kumetokea msiba. Baadaye alifurahi sana, akaja kurudisha sahani ikiwa na tufaha. Si watu wabaya. Ni watu wanaoogopa kusumbuana.

Halafu kuna giza. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zote nchini hurudishwa nyuma saa moja. Kufika Desemba jua huchomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi, nalo huzama kabla ya saa kumi jioni. Watu huwasha mishumaa madirishani na kuning'iniza nyota za Majilio milangoni, na mji unapendeza. Lakini mtu aliyezaliwa Mpimbwe akikaa wiki nzima bila kuliona jua, moyo nao huanza kufifia. Watoto wachanga hupewa matone ya vitamini D kila siku, na watu weusi hushauriwa kumeza vidonge vyake mwaka mzima. Mimi niliyezoea kuwaambia akina mama waote jua la asubuhi na watoto wao, nilimeza yangu kwa utii.

Jambo la kunitia wazimu lilikuwa kumlaza mtoto nje. Ndiyo, nje! Wadenmark huwalaza watoto wao wachanga kwenye vigari nje ya nyumba mchana, hata wakati wa baridi, wakiwa wamevikwa sufi na kufunikwa vizuri. Husema mtoto hulala vyema katika hewa safi. Siku ya kwanza nilisimama dirishani saa nzima nikiwa na koti, tayari kuruka. Mtoto alilala saa mbili, akaamka mashavu yamenawiri. Nilinyamaza, lakini wivu wa bibi haukuniisha.

Daftari jikoni

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike.

Binti yetu alikuwa akiamka kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Saa hizo kule, baada ya saa kurudishwa, Arusha ni saa mbili na ofisi imefunguliwa. Alikaa mezani na kompyuta katika giza, taa moja tu ikiwaka. Mimi nilimbeba mtoto, nikimletea wakati wa kunyonya. Jioni alisema kazi imekwisha, lakini usiku nilimsikia tena akibonyeza. Mtoto akilala, yeye halali. Chakula anakionja tu. Alikuwa amekonda, ngozi imefifia. Kila simu yake ilipolia mlio wa ujumbe kutoka nyumbani, mabega yake yalipanda. Mara mbili nilimsikia akilia bafuni, amefungua maji ili nisisikie.

Mimi ni muuguzi. Nimewaona akina mama wengi wa namna hiyo, na nakiri mbele yenu kwamba wengi wao niliwaambia neno moja tu: jikaze. Na yeye nilimwambia hivyo hivyo. Nikaongeza kwamba wenzake wanajifungulia njiani wakitoka shambani na wanaamka kesho yake, seuze yeye mwenye mashine ya kufulia. Aliniangalia akasema, "Ndiyo, mama mdogo." Jibu lile lilikuwa la heshima, lakini lilikuwa limekufa.

Wiki ya tatu nilikuwa nikitafuta karatasi jikoni ili niandike orodha ya sokoni. Nikafungua daftari la shule lililokuwa juu ya jokofu. Halikuwa la mapishi. Lilikuwa na majina yetu. Yeye ni mhasibu, kwa hiyo alikuwa ameandika kwa mpango: tarehe, jina, sababu, kiasi, na jumla chini. Mjomba, matibabu ya macho. Binamu, ada. Shangazi, msiba. Binamu yule yule, pikipiki. Kurasa tano. Katika ukurasa wa pili nilisoma: "Mama mdogo, bati 40." Tarehe ilikuwa mwezi wa sita, yaani akiwa na mimba ya miezi saba.

Nilikaa kwenye kiti. Alipoingia na kuliona daftari mbele yangu, alianza kuniomba msamaha, eti hakuandika kwa ubaya, ni mazoea ya kazi. Yeye kuniomba mimi msamaha!

Nilimwambia akae, anieleze. Akaeleza. Mshahara wake ni wa Arusha, lakini mkate anaununua Denmark. Kule kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 25, hata kwenye mkate, wakati kwetu mwaka ule ilikuwa 18. Kodi ya mapato nayo hukata zaidi ya theluthi ya mishahara ya watu wengi. Kikombe kimoja cha kahawa mgahawani ni kama krone 40, zaidi ya shilingi 12,000 kwa wakati ule. Mumewe ndiye anayelipia nyumba, umeme na chakula, na hajawahi kunung'unika. Kwa sababu hiyo binti aliona aibu kumwomba fedha za ndugu. Akatoa zake zote. Zilipokwisha, akachukua kazi nyingine ya hesabu ya usiku, akiwa mjamzito, na hakuiacha alipojifungua. Mumewe hakujua.

"Kwa nini hukutuambia?" nilimwuliza.

"Mama mdogo, ningemwambia nani? Kila anayepiga simu anaanza kwa kuniambia nimebarikiwa."

Maswali kumi

Kule yupo muuguzi wa halmashauri ambaye kazi yake ni kuwatembelea nyumbani akina mama waliojifungua. Huja mara kadhaa katika mwaka wa kwanza, bila malipo. Hupima mtoto, huangalia kunyonya, na humwangalia mama pia. Wengi wao hutumia dodoso la maswali 10 lililotungwa Edinburgh, Scotland, na kutolewa mwaka 1987, kwa ajili ya kugundua sonona baada ya kujifungua. Binti yetu alikuwa amekwisha kuulizwa maswali hayo kabla sijafika. Alijibu yote kwamba hajambo. Aliogopa kuonekana mama asiyefaa, tena mgeni.

Nilimwambia, "Mwanangu, safari hii utajibu kweli, nami nitakaa kando yako."

Muuguzi alipokuja, aliuliza polepole kwa Kiingereza, swali moja baada ya jingine, bila haraka na bila kumkatiza. Je, unaweza kucheka? Je, unajilaumu pasipo sababu? Kwenye swali la mwisho, lile la mawazo ya kujidhuru, binti yetu alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Wakati mwingine." Mtoto alikuwa mapajani pangu. Nilimshika kwa nguvu mpaka akalia.

Mwenzangu yule hakuruka wala hakupiga kelele. Alimshukuru kwa kusema kweli, akauliza zaidi ajue hatari ni ya kiasi gani, akapiga simu kwa daktari wake palepale. Kila mkazi kule ana kadi ya njano ya afya na daktari aliyeandikishwa kwake. Kesho yake tulikwenda. Alianzishiwa matibabu ya mazungumzo, na akatiwa moyo kwenda kwenye kikundi cha akina mama wenye watoto wa umri mmoja, ambao hukutana nyumbani kwa zamu. Mumewe alipotoka baharini, tuliketi watatu mezani na lile daftari katikati. Alilisoma lote. Akafunga, akamwambia mkewe, "Hata mimi ni ndugu yako." Kazi ya usiku iliachwa wiki hiyo hiyo.

Mimi nilikuwa na kazi yangu. Nilipiga simu Usevya, nikamwomba kaka yangu mkubwa awakusanye ndugu, simu iwekwe kwenye kipaza sauti. Nikawaambia binti yetu ni mgonjwa, na ugonjwa wake tumeuchangia. Nikaanza na bati zangu ili mtu asidhani nawasema wengine. Nikasema kwa mwaka mmoja hakuna wa kumwomba hata shilingi, na atakayepiga simu apige kumsalimu. Kulikuwa na manung'uniko. Mmoja alisema Ulaya imenibadilisha. Lakini kaka alisema, "Mama yake angekuwa hai, angetuchapa sote." Hapo mjadala ukaisha.

Kutembea katika bustani ya wafu

Desemba yote tulitembea, yeye na mimi na kigari, kila adhuhuri penye mwanga kidogo. Mara nyingi tuliingia katika makaburi ya Wamoravian, ambayo huitwa Shamba la Mungu. Dada wamezikwa upande mmoja na ndugu upande mwingine. Mawe yote yamelazwa chini, yote yanafanana. Aliyekuwa tajiri na aliyekuwa mjakazi hawatofautiani.

Siku moja aliniambia, "Hapa hakuna anayeonyesha kuwa amefanikiwa." Akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza nilichokisikia tangu nifike. Sitasema alipona siku ile, maana sonona haiponi kwa kicheko kimoja. Lakini baada ya hapo alianza kulala mtoto akilala, na siku moja alimaliza sahani ya ugali na kuomba tena.

Paulo aliwaandikia Wagalatia habari za kubebeana mizigo. Mimi nilikuwa nimelisoma andiko hilo mara nyingi katika vipindi vya akina mama, na kila mara nikajiweka upande wa mbebaji. Kumbe nilikuwa mzigo.

Kwa wanaotaka kwenda, na kwa tunaobaki

Kwa anayekwenda kutembea, nina maneno machache. Viza ya mgeni kwa nchi hizo ina kikomo cha siku 90 katika kila siku 180, wala haikuruhusu kufanya kazi ya ujira. Usimwamini anayekuambia vingine. Bima ya safari ni lazima, isiyopungua euro 30,000, kwa sababu kadi ya njano ni ya wakazi tu. Namba ya dharura ni 112. Chukua soksi za sufi kabla ya viatu vya kupendeza.

Kwa mabinti wanaofanya kazi kwa kompyuta ugenini: hesabuni mshahara kwa bei za mahali mnapolala, si mahali unapotoka. Mwambieni mume ukweli. Nendeni kanisani hata kama lugha haieleweki.

Na kwa sisi tunaobaki: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya wanawake 100 waliojifungua, 13 hupata matatizo ya afya ya akili, hasa sonona, na katika nchi zinazoendelea hufikia karibu 20. Hao wapo Usevya pia, wanakaa mbele yetu kliniki wakisema hawajambo. Tangu nirudi, sijamwambia mama yeyote ajikaze. Ninavuta kiti, ninauliza maswali kumi kwa Kiswahili, na ninangoja jibu la swali la mwisho.

Niliondoka Christiansfeld katikati ya Januari. Mji ule una duka la mikate linalooka keki za asali tangu mwaka 1783. Binti yetu aliniwekea moja kubwa yenye umbo la moyo, akasema, "Wapelekee akina mama, uwaambie ni asali, lakini haifiki ya Inyonga." Niliikata vipande vidogo katika kipindi chetu, kila mmoja akapata cha kuonja. Hakuna aliyeuliza habari ya koti. Nilikuwa nimewasimulia yote.

Mwaka huo nilivuna mpunga vizuri. Niliuza magunia, nikaenda kwa wakala wa simu na fedha za bati zangu, nikamtumia yule mjukuu kama zawadi ya kutimiza mwaka. Mama yake alinipigia simu akilia na kucheka pamoja. Akasema amefungua daftari jipya, na mstari wa kwanza ameandika upande wa mapato: "Bibi, Usevya."